Jukwaa la Darubini ya Tunu

Makame alitumia miezi minne kutengeneza jukwaa la kuweka chini ya darubini ya mkewe, Tunu, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kila Tunu alipoisukuma darubini kuifuata nyota, nyota ilimpotea. Jukwaa hilo la mbao, lenye mota ya waipa ya gari, lingeigeuza darubini lenyewe, polepole, kwa mwendo uleule wa dunia inavyozunguka, ili nyota isipotee.

Jioni jukwaa lilipokamilika, Makame aliilenga nyota ya kwanza kung'aa kwa kukadiria tu juu ya bomba la darubini, akawasha mota, akamwita mkewe.

Tunu aliinama akaweka jicho. "Umeweza, mume wangu! Imetulia palepale."

"Haikimbii?"

"Hata kidogo. Naiona vizuri sana."

Makame alizunguka mbele ili akaze skrubu moja, akashtuka. Kwa haraka yake alikuwa amesahau kuutoa mfuniko wa darubini.

Ndipo akaelewa kwa nini siku hizi Tunu alikuwa akipapasa ukuta akienda jikoni.

"Mbona umenyamaza?" Tunu akauliza.

"Nasikiliza mota."

Akabaki amesimama, mkono juu ya mfuniko, darubini ikigeuka taratibu, na mkewe akitabasamu, jicho bado kwenye lenzi.