Jambo la Tano

Siku hizi kila mtu anaruhusiwa kushika mambo manne tu kichwani. Likija la tano, lililokaa zaidi bila kuguswa huanguka, na halirudi. Kwa hiyo Mwanakheri aliyapitia kwa zamu huku akikoroga: maharage, dawa ya mkwewe, nguo kambani, na Tunu, binti yake aliyezikwa mwaka jana.

Wingu likatanda. Mawazo yakakimbilia nguo, yakarudi kwenye maharage, kisha kwenye dawa.

Jirani akapiga hodi. “Kikao cha harusi ni kesho saa kumi, shoga.”

“Nitakuja.”

Akaanua nguo, akampa mkwewe dawa, akaepua maharage. Wakati wa kula akamwonyesha mumewe kikombe kidogo chekundu.

“Hiki tumpe jirani? Sisi hatuna mtoto.”

Mumewe akakipokea. Akala chakula chote mkono wa kushoto ukiwa umekishika.