Goti la Bi Mwanakheri

Siku hizo bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji mpaka mashine ya taka ilishwe kwanza. Unaweka kitu kwenye mkanda, feni inapeperusha makaratasi, jicho la taa linachagua plastiki, sumaku inanyofoa chuma, ndipo bomba linakohoa. Mashine ilizidi kula na watu wakaishiwa taka. Mama mmoja, jina lake Sikudhani, alishailisha masufuria, vitasa vya milango, hata ndoo za kuchotea hayo hayo maji, akabaki na mtungi wa udongo ambao mashine iliutema.

Mgongoni mwanawe alikuwa anachemka kwa homa, midomo imemkauka.

Akaweka kijiko cha mwisho. Bomba likatoa funda moja, mtoto akalimeza, bomba likanyamaza.

"Tia na hereni," akasema mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, ameegemea fimbo.

"Zilikwenda jana, mama."

"Basi limebaki goti langu." Bibi akacheka. Goti hilo alitiwa la chuma hospitali, enzi mashine hazijajua njaa.

"Usinitanie, mama. Mtoto ananifia."

"Nani anakutania, mwanangu?"

Sumaku ikaanza kuunguruma. Bibi akalishika goti kama mtu aliyevutwa nguo, kicheko kikamkatika. Papo hapo bomba likafunguka, maji yakamwagika kwa nguvu ambayo mtaa ulishaisahau.

Sikudhani hakuwa ameweka kitu kingine. Akautazama mkanda ukienda mtupu mbele ya mama mkwe wake, ukingoja kile ulichokwisha kukilipia kwa maji. Kisha akamshusha mwanawe mgongoni, akamnywesha kwa kiganja.