Wanne Chumbani

Kiangazi hicho pale Napoli, kwa amri ya mji, kipoza hewa hakikuwaka ila chumbani mkiwa na watu wanne. Kwa Bi Mwatima walikuwa watatu: yeye, bintiye Riziki, na mjukuu mchanga ambaye tangu asubuhi alikuwa amelegea kwa joto, hanyonyi.

“Watatu,” mashine ya kipoza hewa ilisema ukutani, isiwake.

Wakafungua mlango wa ngazini wapate japo kiupepo, wakaketi mkekani kula. Mara akapita Gennaro, mzee wa ghorofa ya juu asiyewahi kuwasalimu, anahema.

“Karibu chakula,” Bi Mwatima akamwambia kwa Kitaliano chake cha kuokoteza. Mazoea tu ya kwao Pemba.

Mzee akavua viatu, akaingia, akaketi.

“Mama, kaja kweli,” Riziki akanong’ona. “Na samaki mwenyewe mmoja.”

“Nyamaza, msogezee sahani.”

“Wanne,” mashine ikasema, na ubaridi ukashuka. Mtoto akatafuta titi.

Gennaro alipotaka kuinuka, Bi Mwatima akamwongezea wali. Kule ngazini, kila ghorofa, mashine nyingine zilisikika zikihesabu: “Mmoja. Mmoja. Mmoja.”

Bi Mwatima akasikiliza kitambo.

“Kesho,” akamwambia bintiye, “tuinjike lile sufuria kubwa.”