Mtoto wa Mapajani

Mwalimu Mbaruku aliwagawia wanafunzi wa kidato cha tatu majina ya abiria wa ile meli iliyozama, akawasimamisha wote, kisha akaanza kuwasomea ripoti ya uchunguzi. Aliyesikia jina lake miongoni mwa waliokufa aliketi. Mwanzoni walichekacheka. Walipofika ukurasa wa nne hata kikohozi hakikusikika.

“Hidaya, keti. Bi Ruzuna amekufa.”

“Nimesikia, mwalimu. Lakini ukurasa wa pili shahidi anasema alimwona amebeba mtoto. Mbona mtoto hayumo kwenye orodha?”

“Mtoto wa mapajani hakatiwi tiketi. Na asiye na tiketi haandikwi.”

“Sasa yeye ataketi lini?”

Miaka kumi na minane alikuwa akifundisha somo hili, na kila mwaka aliomba asitokee mtu wa kusikiliza kwa makini namna hiyo. Aliifunga ripoti, akachukua chaki. Ubaoni, chini ya idadi ya waliokufa, aliandika polepole, kwa herufi ndogo: Mwanaidi Mbaruku, miezi saba.

Hidaya alilisoma lile jina, akamtazama mwalimu. Hakuketi.