Mwongezee Ndevu

"Mwongezee ndevu," mzee aliamuru, fimbo yake ikigonga sakafu ya studio. "Ukoo wetu hauna dume lenye kidevu kitupu."

Fundi wa picha alivuta mtandio karibu na nyusi, akashika kipanya. Kwenye skrini alikuwepo kijana wa shule, shati jeupe, macho yakiikwepa kamera. Hawakuwa na picha yake nyingine ya karibuni zaidi. Mzee alitaka atengenezewe sura ya mtu mzima, atundikwe sebuleni pamoja na ndugu zake.

"Yuko wapi sasa?" fundi aliuliza, sauti chini kama ya mgonjwa.

"Dunia imemmeza. Tulipishana maneno, akaondoka."

"Ulimfukuza," mkewe alisema kutoka kwenye kiti cha wateja.

"Nani kakuuliza wewe?"

Mkoba wa mama ulikuwa magotini, macho yake hayabanduki kwenye vidole vya fundi.

Fundi alipanua mabega, akakaza taya, akapanda ndevu unywele mmoja mmoja. Akamvika suti. Kila mzee alipoinama kutazama, fundi alibana pumzi. Feni ilizunguka juu yao, lakini jasho lilimtiririka mgongoni.

"Na hayo macho! Yasikwepe. Anitazame usoni, kiume."

Mkono ukagoma. Kisha fundi akayageuza macho yale taratibu, mpaka yakamkabili mzee ana kwa ana.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Midomo ikamcheza.

"Ndiye," alinong'ona. "Ndiye mwanangu hasa. Mikono yako ina baraka, binti."

Fundi aliinamisha kichwa.

Picha ilipotoka kwenye mashine, mzee hakukubali hata ifungwe. Aliikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akatoka nayo kuelekea kwenye gari, akimwita mkewe afanye haraka.

Mama hakumfuata. Aliusukuma mlango hadi ukajifunga. Fundi akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta.

Mama akatoa simu mkobani.

"Ile yako ya ndevu kaipata baba yako," alisema. "Sasa simama hapo penye mwanga, binti yangu, nipate na mimi ya kwangu."