Tone la Dawa ya Mbwa

Tone lilikuwa limeshaning'inia kwenye ncha ya kichupa, juu kidogo ya shingo ya paka, nilipomdaka jirani yangu Torbjörn mkono.

"Hiyo dawa ya kupe ni ya mbwa, bwana. Inaua paka."

"Naweka nusu tu! Paka si nusu mbwa?"

"Wangu nilimpa robo. Nikamzika kesho yake."

Akauvuta mkono haraka, tone likamdondokea kwenye goti la suruali.

"Hongera, kupe hawakuwezi tena," nikamwambia. "Sasa vua suruali."

"Hapa ngazini? Mchungaji wa kanisa yule anapita na baiskeli!"

"Mwache afaidi."

Paka alikuwa ameshainuka, mkia juu, anaenda kujisugua kwenye goti lilelile kama kila asubuhi, halafu ajilambe.

Nikamshika Torbjörn mkanda wa suruali.