Bafu la Mama

Tangu nyumba zipigwe marufuku na watu wote kuhamia kwenye magari, mzee asiyeweza kushuka mwenyewe kwenda chooni huchukuliwa na serikali, na hakuna aliyewahi kurudishwa.

Ndiyo maana Nyamizi, miguu ya mama yake ilipoanza kulegea, alijenga bafu dogo nyuma ya kiti cha dereva. Alisimamisha fremu ya mbao, akazungushia plaiwudi, akaziba maungio kwa silikoni, ndani akaweka ndoo yenye mfuniko. Kwa wiki tatu mama alijistiri humo bila mtu kujua.

Jumatatu, Lugendo, mkaguzi wa kambi yao ya magari, alipanda garini. Aliufungua mlango mpya, akachungulia.

"Vyoo vya kambi si viko pale? Hiki cha nani?"

Nyamizi akageuka kumtazama mama yake.

"Uvivu wake tu huyu," mama akasema kutoka kitandani. "Mimi naenda kulekule. Tena sasa hivi."

"Haya, bibi. Nenda nikuone."

Mama akashuka. Alitembea hatua sitini bila kushika kitu, akaingia chooni, akafunga mlango. Mkaguzi akaridhika, akatia sahihi, akaelekea upande wa pili wa kambi.

Nyamizi alikimbilia chooni, akamkuta mama ameanguka kwenye sakafu yenye maji.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Atarudi tena. Kibomoe kile chumba, mwanangu. Mimi nitajizoeza kutokunywa maji."

Nyamizi akambeba mpaka garini, akamlaza. Kisha akatafuta bisibisi, akaanza na bawaba za mlango.